Duka Kubwa Si Ushahidi wa Upako

Ukipita Mtaa wa Kongo au Narung'ombe, Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi, kabla mizigo haijaziba njia, utasikia maombi yakitoka ndani ya fremu za maduka. Tajiri na vijana wake wamesimama, wanakemea, wanaifunika biashara kwa damu ya Yesu. Maombi hayo nayaheshimu. Ninachokipinga ni imani iliyoota pembeni yake, kwamba Mkristo mwenye nguvu ni yule ambaye nguvu zake zinaonekana: sauti, duka, gari, bahasha nene ya sadaka. Imani hiyo inabebwa na madai ambayo Kariakoo huyasikia kila siku, na kanisa limeyanyamazia mno.

Dai la kwanza: duka linalokua linaonyesha kwamba Mungu yuko na mwenye duka, na linaloanguka lina dhambi iliyofichwa. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, likaua watu zaidi ya 25. Nani atasimama mbele ya familia zao na kugawanya marehemu, huyu alikuwa na upako, yule hakuwa nao? Yesu alilijibu swali hilo zamani. Aliutaja mnara wa Siloamu ulioua watu 18, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza akawataka watubu wao. Na kuhusu faida, kila mfanyabiashara wa hapa anajua kuwa bidhaa feki hutajirisha upesi. Kama fedha inaweza kuja kwa njia hiyo, fedha haiwezi kumtolea mtu ushahidi mbele za Mungu.

Dai la pili ndilo zito, kwa sababu linasemwa na watu wanaosali kweli: Kariakoo bila ujanja hutoboi. Mteja anaulizwa kama anataka bei ya risiti au bila risiti. Mzigo wa laki tano unaandikiwa risiti ya laki moja. Kiatu cha kopi kinaapiwa kuwa ni og. Mama aliyetoka mkoani na mtaji wa kikundi anaongozwa na winga, dalali wa mtaani, anayejifanya ndiye mwenye duka, anawekewa cha juu, naye anashukuru kwa kuhudumiwa vizuri. Jioni waliofanya hayo yote wanakwenda mazoezi ya kwaya.

Nakubali kwamba wafanyabiashara wana malalamiko ya haki. Mei 2023 walifunga maduka kwa sababu ya kamatakamata ya kodi, wakamweleza Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mambo yao waziwazi katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Huo ni uungwana: mtu anaonewa, anasema hadharani, na anakubali hasara ya kufunga duka. Risiti ya uongo haifanani na hilo hata kidogo. Inaandikwa gizani, na anayeumia si afisa wa kodi. Anaumia mgonjwa anayesubiri dawa katika zahanati ya umma, anaumia pia muuzaji jirani aliyeandika risiti halali na sasa hawezi kushindana kwa bei.

Tena si kweli kwamba uaminifu umeshindikana hapa. Wapo wauzaji ambao mteja wa Mbeya, Lusaka au Lubumbashi huwatumia hela kwa simu, na mzigo ukafika vilevile ulivyoagizwa. Sisemi kwamba kila mwaminifu atatajirika. Wengine wanapoteza wateja kwa kusema ukweli, na watoto wao wanauona upungufu huo mezani. Hapo ndipo Mkristo anajulikana, siku ambayo ukweli unamgharimu na hakuna muumini mwenzake anayemwona. Nabii Amosi aliwakemea wachuuzi waliokuwa wakishika Sabato huku wanahesabu saa iishe, warudi kupunja vipimo. Ibada yao haikukosa kitu kwa macho. Mungu aliichukia.

Dai la tatu husikika zaidi madhabahuni: mtumishi wa Mungu haonyeshi udhaifu, na akiugua imani yake ina kasoro. Wanaosema hivyo wamesahau historia ya jiji hili. Mwaka 1977 Dar es Salaam ilipokea Mkutano Mkuu wa sita wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika miaka yake ya mwisho aliugua Parkinson, ugonjwa unaoutetemesha mwili na kuupokonya nguvu, hadi alipofariki mwaka 1988. Je, imani yake ilikuwa na kasoro? Mkutano ule uliomchagua ulitamka pia kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la imani yenyewe. Yalikuwapo makanisa yenye majengo imara, nyimbo nzuri na katekisimu sahihi, na ilielezwa hapa Dar es Salaam kwamba hayo hayatoshi ikiwa mezani pa Bwana mtu anabaguliwa kwa rangi yake.

Limebaki dai moja, nalo huja kama kimbilio: Mungu anaangalia moyo, kwa hiyo mambo yangu ya dukani mniachie. Walokole wa Uamsho wa Afrika Mashariki wasingelielewa. Uamsho ule ulichochewa na watu kama Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929, ukaenea kutoka Gahini, Rwanda, ukafika Bukoba, na Kibira mwenyewe alikuwa tunda lake. Mtu alipookoka alirudisha alichoiba, alilipa deni alilokuwa amelikana, alimfuata mwajiri wake na kukiri kosa. Zakayo naye hakuishia kwenye machozi, aliahidi kurudisha mara nne. Moyo uliogeuka hufungua droo ya fedha.

Nawaomba wachungaji, mapadre na mabaraza ya wazee wa jiji hili jambo moja. Mnapotafuta kiongozi miongoni mwa wafanyabiashara, daftari la sadaka liwekeni kando kwanza. Nendeni dukani kwake siku ya kazi. Waulizeni vijana anaowalipa, mwulizeni mbeba mzigo, mwulizeni jirani yake Mwislamu wa fremu ya pili. Paulo alimwagiza Timotheo kwamba msimamizi wa kanisa awe ameshuhudiwa vema na watu wa nje, na agizo hilo halijafutwa.