Iliitwa tasa, mbona imezaa?

Mtaani kwetu ukitaka ugomvi, mwite mke wa mtu tasa. Sufuria zitaruka! Lakini kwenye hesabu kuna namba zinaitwa tasa mchana kweupe na hakuna anayenuna. Ni zile zisizogawanyika kwa namba nyingine yoyote ila 1 na zenyewe. 7 ni tasa, 13 ni tasa. 12 siyo, maana hiyo 2, 3, 4 na 6 zote zinaigawa.

Leo nawaletea tasa moja bab'kubwa: 2,147,483,647. Andika mbili 31, zizidishe zote pamoja, halafu toa 1. Ndiyo hiyo.

Aliyehakikisha kwamba haigawanyiki ni Leonhard Euler, mzee wa Kiswisi aliyeishi St Petersburg, Urusi. Jibu lake lilichapishwa mwaka 1772. Kalkuleta hana, na macho karibu yamekufa kabisa. Lakini kichwa kilikuwa kinachemka! Aliona kwamba kama kuna namba inayoigawa, basi hiyo nayo ukiigawa kwa 248 lazima ibaki 1 au 63. Na hakuna haja ya kuvuka 46,340. Zikabaki chache za kujaribu, na zote zikagonga mwamba.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow akaandika kuhusu namba zinazojengwa kwa tasa hii. Akasema hakuna atakayejisumbua kutafuta kubwa zaidi, kwa sababu ni za kushangaa tu, faida hazina.

Kumbe! Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas akathibitisha tasa ya tarakimu 39. Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant akaibuka na yenye tarakimu 41,024,320.

Na faida je? Kompyuta nyingi zilitengenezwa kuhesabu kwa nafasi 32: moja ya kuonyesha chanya au hasi, 31 za namba yenyewe. Mwisho wake ndiyo tasa yetu. Desemba 2014 Gangnam Style ya PSY ilivuka idadi hiyo ya kutazamwa, na YouTube ikabidi wawe na kaunta pana zaidi.

Hapo utasa haukuhusika. Unahusika kwenye bahati nasibu za kompyuta: watu wa programu huitumia kuchanganya namba kama karata, na kwa kuwa ni tasa, zinaweza kupita bilioni mbili na ushee kabla ya kujirudia.

Kuna na soo lake. Kompyuta za zamani huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Zitagota kwenye namba hii Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu. Ambayo haijarekebishwa itajiona imerudi Desemba 1901, kabla babu yako hajazaliwa!

Mnaoambiwa mnachosoma hakina faida, mjibuni mtu kwa namba hii. Barlow alikuwa msomi, na bado alikosea.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.