Mgema Akisifiwa, Picha Huharibika

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo naitumia methali hii kuwazungumzia wenzangu wapiga picha wa shule yetu, na naomba radhi mapema kwa yeyote nitakayemkwaza, kwani hata mimi nimo.

Kama mjuavyo, tuna desturi moja nzuri sana. Kila siku mwanachama mmoja hukabidhiwa kamera ya chama, akapiga picha, na saa kumi jioni picha hiyo huonyeshwa kwenye kompyuta ili wote tuijadili. Haba na haba hujaza kibaba, na apigaye picha kila siku jicho lake hunoleka. Lakini je, twaijadili kweli? Hasha! Tunasema, "Safi!" "Umeweza!" halafu huyoo, tunakimbilia uwanjani.

Siku ya wazazi niliwapiga picha marafiki zangu wanne saa sita mchana, jua likiwa utosini. Mashati yalitoka meupe pe pe pe. Nilipoionyesha nikapigiwa makofi, nami nikavimba kichwa. Ndipo mvulana mmoja wa kidato cha kwanza akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini mbona nyuso zao hazionekani?" Tukamcheka. Jameni, tulimcheka mtu pekee aliyekuwa ametazama! Macho ya marafiki zangu yalikuwa yamezama kwenye vivuli, na nyuso zilikuwa giza tupu. Mmoja wao amekwisha kuhama shule, na sina picha yake nyingine.

Mwalimu mlezi alitueleza kiini chake. Kamera haijui uso ni nini. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, basi uso mweusi ukapotea. Dawa yake si kununua kamera ya bei ghali. Mlete mwenzako kivulini, barazani au chini ya mti, kisha pima mwanga usoni pake wala si kwenye shati. Au ngojea saa kumi na moja jioni jua linapolala. Mambo haya tungeyajua mapema kama tungeulizana.

Na si sisi tu. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafishia picha zilipima rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na sura ya mwanamke Mzungu, nazo ziliitwa kadi za Shirley. Watu weusi wakatoka vibaya pichani. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliolalamika hata filamu zikaboreshwa ni watengenezaji wa chokoleti na samani, kwa kuwa rangi zao za kahawia hazikuwa zikitokea sawasawa. Tazameni basi! Kosa linalonyamaziwa hudumu, linalosemwa hurekebishwa.

Najua wapo watakaosema kwamba anayeanza akikosolewa atavunjika moyo. Kweli, kuna ukosoaji wa kebehi, na huo siutetei hata kidogo. Lakini kumwambia mtu picha yake ni nzuri bila kuitazama pia ni dharau, tena mbaya zaidi, maana inavaa nguo za urafiki.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Kila picha ikionyeshwa, asiseme mtu "safi" bila kutaja kilicho safi: ni mwanga, ni mpangilio, au ni wakati uliochaguliwa? Kisha ataje jambo moja la kurekebisha. Naye mwenye picha asijitetee kwanza. Asikilize, kesho arudi kupiga tena.

Yule mvulana wa kidato cha kwanza siku hizi haulizi kitu. Amejifunza kwetu kusema "safi." Ndugu yangu, kama unasoma haya, nakuomba msamaha. Kuuliza si ujinga. Rudi utuulize tena.