Neno Moja, Pasaka Mbili

Mwanafunzi wa Thika au Ruiru akiulizwa Pasaka ni nini, atajibu mara moja kuwa ni sikukuu ya kufufuka kwa Kristo. Jibu hilo ni nusu tu. Neno letu, lenye asili ya Kiaramu na lililopitia Kiyunani, labeba sikukuu mbili, ilhali Kiingereza kina jina kwa kila moja.

Pasaka ya Wayahudi huadhimishwa mezani: mkate usiotiwa chachu, mboga chungu, maji ya chumvi na masimulizi ya kutoka Misri. Wenyewe hawako mbali nasi. Jumuiya yao ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1904. Na karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, wafuasi wa Semei Kakungulu, ambao baadhi yao hawakuiacha dini yao hata Idi Amin alipoipiga marufuku.

Linalonishughulisha hasa ni wanawake. Kwa karne nyingi wao walipika, wanaume wakasimulia. Mwaka wa 1976, huko New York, mwandishi Esther Broner na wenzake waliandaa karamu ya wanawake, wakasimulia wenyewe. Siku hizi meza nyingi huwekwa kikombe cha Miriamu kilichojaa maji, na wasanii wa kike hukifinyanga na kukitia nakshi.

Je, walimu wenzangu, ni wanafunzi wangapi wamjuao Musa na Farao lakini hawajapata kusikia habari za Shifra na Pua, wakunga waliokataa kuwaua watoto? Wala hawakufichwa, wametajwa katika sura ya kwanza ya Kutoka.