NYUMBA YETU: Sakafu ya mbao juu ya saruji

  

Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza: "Bwana Karani, zamani tulikaa juu ya udongo. Sasa tuna sakafu ya saruji, mbona miguu inatuuma kwa baridi?" Swali hili wanalo wengi, toka Mufindi hata milima ya Uporoto, hasa mwezi wa Juni na wa Julai.

Jibu ni hili. Ubao na saruji vikikaa chumba kimoja, baridi yake karibu ni sawa. Lakini saruji huvuta joto la mguu upesi, na ubao huvuta polepole. Ndiyo kusema, tukiweka mbao juu ya saruji, na katikati kitu kinachozuia joto lisipite, miguu itapata raha.

Lakini angalieni! Kazi hii mimi mwenyewe niliiharibu nyumbani kwa mama yangu. Mwaka 2021, mwezi wa Septemba, niliuza maharage, nikanunua mbao za msindano, nikazitandika chumbani mwake juu ya saruji tupu. Nikazibana toka ukuta hata ukuta, hata wembe usingepita. Nikajisifu. Mvua zilipokuja, mbao zikanywa unyevu, zikavimba, zikakosa pa kwenda, zikainuka katikati kama tuta la viazi. Usiku mmoja mama akajikwaa hapo, akavunjika mkono. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, bora ungeniachia mkeka wangu."

Nilipozing'oa mbao zile, upande wa chini ulikuwa umeota ukungu. Basi nikamwendea seremala mmoja wa Mafinga, mzee mwenye subira, naye akanifundisha hivi:

Kwanza, jua kama saruji ni kavu. Chukua kipande cha nailoni, urefu na upana mita 1, ukibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote. Kiache siku 3. Ukikuta matone chini yake, usitandike kitu. Pengine maji ya mvua yanasimama nje ya ukuta. Chimba mfereji kwanza. Na saruji mpya isubiri miezi 4 hata 6.

Pili, sawazisha mashimo na vilima, kisha fagia. Tandika nailoni nzito. Vipande vipandane sentimita 20, na kingo zipande kidogo ukutani. Hii huzuia unyevu wa ardhi.

Tatu, juu ya nailoni panga vibao vigumu vya povu jeupe, unene sentimita 3. Jaribu kwa kidole gumba: kikizama, povu hilo ni laini mno. Usitumie godoro wala maranda, maana hulala chini kwa uzito wa watu, na sakafu hubonyea.

Nne, weka plaiwudi ya milimita 12, tabaka mbili. Kwanza iache chumbani humo kwa juma moja, ipate kuzoea hewa yake. Tabaka la juu likingame, viungo visilingane na vya chini. Ziunge kwa gundi na skrubu fupi za milimita 20, zisifike kwenye nailoni. Usipigilie sakafu hii kwenye saruji hata mara moja. Hulala tu, kama mkeka ulivyolala.

Tano, na hili ndilo kubwa: acha nafasi ya sentimita 1 kando ya kuta zote, na kwenye miimo ya mlango. Ifunike kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, si sakafuni. Hapo mbao zikivimba masika zina pa kwenda, na kiangazi hurudi mahali pake.

Kumbuka pia kwamba sakafu itapanda zaidi ya sentimita 5. Mlango utakatwa chini, na kizingiti kitengenezwe vizuri, wazee wasijikwae.

Labda mtasema, "Gharama hii yote ya nini, na jiko la mkaa lipo?" Hapana, ndugu zangu. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu husinzia, asiamke tena. Huku kwetu familia zimekwisha kulia kwa sababu hiyo. Jiko lisiingie chumba cha kulala, hata baridi ikizidi vipi.

Asiye na fedha za chumba kizima aanze na pale kando ya kitanda cha mzee au cha mtoto mchanga. Tena atandike vizuri mkeka na blanketi zito. Hilo nalo ni tendo la upendo.

Sakafu ya pili niliitandika mwaka 2022. Mvua zimekuja na kupita, nayo haijainuka. Mkono wa mama ulipona, ila hanyanyui ndoo tena. Asubuhi hupiga magoti hapo pekupeku kusali rozari. Nami kila nikiingia huangalia kwanza ile nafasi ya ukutani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya dari.