Ushirikiano wa Vyuo Vikuu na Uhai wa Askari

Mwezi Septemba 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare, Rais Fidel Castro wa Kuba alimpasha Rais Museveni habari nzito. Miongoni mwa askari 60 wa Uganda waliopelekwa Kuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Adui alikwisha kuingia kambini pasipo kufyatua risasi hata moja.

Tangu hapo utafiti haukuwa tena shughuli ya wasomi wa mlima wa Makerere peke yao. Mapema katika miaka ya 1990, Wizara ya Ulinzi, Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Makerere waliunda kwa pamoja kituo cha utafiti wa tiba, JCRC, ambacho leo kipo Lubowa, kando ya barabara ya Entebbe.

Makerere si mgeni wa ushirikiano. Kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa chuo cha ufundi. Mwaka 1949 kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na shahada zikatolewa kwa jina la London. Kikajitegemea mwaka 1970. Je, ushirikiano wa sasa ni utegemezi ule ule uliovishwa kanzu mpya?

Tuupime kwa matunda yake. Mwaka 1999, watafiti wa Makerere na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walitangaza matokeo ya utafiti uliofanywa Mulago. Dozi moja ya nevirapine kwa mama mwenye uchungu wa uzazi, na moja kwa mtoto wake, ilipunguza maambukizo kwa karibu nusu, ikilinganishwa na dawa nyingine iliyotolewa kwa muda mfupi.

Kisha, kati ya 2003 na 2008, wataalamu wa Uganda, Zimbabwe na Uingereza waliwafuatilia wagonjwa 3,316. Swali lao lilikuwa letu hasa: je, dawa za UKIMWI zaweza kutolewa mahali pasipo na maabara? Baada ya miaka 5, katika kila wagonjwa 100 waliofuatiliwa kwa vipimo vya maabara, 90 hivi walikuwa hai. Miongoni mwa waliotazamwa na waganga tu, 87 hivi. Askari aliye katika kituo cha mbali huko Karamoja ataelewa mara moja uzito wa jibu hilo.

Hata hivyo, Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Ndipo udhaifu wetu ulipodhihirika: maarifa tunayo, lakini fungu la fedha lilikuwa mkononi mwa mwingine.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji akae akingoja. Hapana budi Uganda igharimie utafiti wake, ili mgeni ajapo akute kazi inaendelea, na aondokapo isisimame. Nasi askari na polisi tunao wajibu wetu: kupima afya zetu, kutumia dawa bila kukosa, na kuwasomesha watoto wetu sayansi. Jeshi lisilojua hali ya afya yake halijui idadi ya nguvu zake.