Kutu Si Hukumu ya Kifo

Siku hizi wamezuka wahubiri wa faiba. Ukiwa na gari kuukuu ambalo bodi yake imeliwa na kutu, nawe ukataka kulifufua, watakuambia kwa sauti moja: achana na chuma, nunua bodi ya faiba, ifunge juu ya chasisi, usahau kutu mpaka unakufa. Mahubiri hayo yamefika hata kwetu Singida. Yamenifikia mimi kwa sababu ninayo Toyota Land Cruiser ya aina ya 40, ya mwaka 1981, ambayo sakafu na kingo za chini ya milango zimetoboka. Mimi ni mwalimu mstaafu. Fedha niliyonayo ni masalio ya kiinua mgongo, na kazi ikiharibika sina nyingine ya kuirudia. Kwa hiyo nimelipima jambo hili kama nilivyokuwa nikipima hoja za wanachuo wangu, na ninasema wazi: kwa gari la kazi, katika mkoa kama huu wetu, bodi ya faiba ni ushauri mbaya.

Kwanza tuwatendee haki wapinzani. Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoloweshwa katika gundi ya kemikali, ambayo ikitiwa dawa ya kuigandisha hukauka na kuwa ngumu kama gamba. Haipati kutu. Ni nyepesi, na hufuata umbo lolote la kalibu. Wavuvi wa pwani na wa Ziwa Victoria wanazo boti za faiba na zinawafaa. Marekani waliunda gari la Chevrolet Corvette kwa bodi ya faiba tangu mwaka 1953. Hayo yote ni kweli. Lakini boti haipiti kwenye barabara ya makorongo, na Corvette haikuundwa kubeba magunia ya alizeti.

Sasa tuwaulize Toyota wenyewe. Watu wengi hawajui kwamba Land Cruiser fupi ya aina ya 40 yenye paa gumu ilitoka kiwandani na paa la faiba. Waundaji wake waliijua faiba vizuri, na waliiweka juu, mahali pasipobeba mzigo. Sakafu, nguzo, na mahali pa kufungia viti na bawaba za milango waliviacha vya chuma. Walikuwa na sababu. Bati likigongwa hubonyea. Faiba ikizidiwa hupasuka, na mipasuko hiyo mara nyingi huanzia kwenye matundu ya bolti, pale hasa ambapo mtikisiko wa barabara ya vumbi huuma siku zote. Ndiyo maana bodi nzuri ya faiba hulazimika kutiwa vyuma ndani yake. Basi chuma ulichokikimbia umekifukia tu, mahali usipoweza kukiona kikioza.

Tena chasisi inabaki kuwa ya chuma. Wenye Land Rover za zamani wanalijua somo hili. Mwaka 1948, Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, Land Rover ilianza kuundwa kwa bodi ya aluminiamu. Bodi hizo zimedumu miaka mingi, lakini ni Land Rover ngapi zilizokufa kwa sababu chasisi ilioza chini ya bodi nzima? Anayefunga bodi mpya inayong'aa juu ya chasisi asiyoikagua amenunua kanzu ya kumvalisha mgonjwa.

Hoja yangu kubwa ni ya fundi. Bati likitoboka, hapa hapa mjini nitampata kijana mwenye mtungi wa gesi, nyundo na mkasi wa bati. Atakata palipooza, atachomelea kipande kipya, atanyoosha, na jioni nitaondoka. Hata Iramba au Manyoni nitampata mwenzake. Faiba inataka gundi ambayo huharibika ikikaa sana dukani, hasa kwenye joto. Inataka vipimo sahihi vya dawa, na barakoa kwa ajili ya moshi wake na vumbi la kioo linalodhuru mapafu. Ikipasuka vibaya, je, niipakie kwenye lori kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita 700? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitufundisha Elimu ya Kujitegemea. Wapo wanaoicheka leo. Mimi bado ninaamini kwamba chombo kisichoweza kutengenezwa na majirani zako hujakimiliki sawasawa.

Wapinzani watasema: na kutu je? Kutu ya nchi hii kavu si kutu ya Tanga. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na miezi inayobaki ni jua na upepo. Hapa bati huoza pale tope linapokaa na kushika unyevu: ndani ya kingo, chini ya mazulia, nyuma ya matairi. Tope huoshwa, kwa maji baridi ya kisima, na asithubutu mtu kuoshea gari kwenye maji ya chumvi ya Singidani au Kindai.

Kilicholitia chuma jina baya ni puti. Fundi mvivu haikati kutu. Huisugua kidogo kwa msasa, hukandika puti, hupiga rangi, na mwenye gari hufurahi kwa mwaka mmoja. Chini ya puti kutu inaendelea na karamu yake. Kisha lawama yote inaangukia bati! Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na maana ya kuupaka ufa chokaa.

Kwa hiyo anayetaka kufufua gari lake aanze na chasisi, aigonge kwa nyundo toka mbele hadi nyuma. Akate kilichooza mpaka afike kwenye bati zima linalolia. Achomelee bati jipya la unene ule ule, apake rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, na matundu ya kutolea maji ayaache wazi. Paa likiwa la faiba tangu kiwandani, libaki. Gari langu litatengenezwa hivyo, na malipo yake yatabaki Singida, mikononi mwa vijana wanaojua kazi yao.