Mzazi, mweleze mtoto maana ya jina Iringa

Familia nyingi za Mbeya na Iringa hulitaja jina la Iringa kila siku bila kumweleza mtoto lilikotoka. Limetokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, karibu na Mto Ruaha Mdogo, mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini.

Hapo Mtwa Mkwawa aliyazungushia makao yake ukuta mrefu wa mawe. Agosti 17, 1891, wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 30, 1894 wakaiteka Kalenga. Mkwawa aliponyoka, akaendelea kupigana hadi Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Fuvu linaloaminika kuwa lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Mji wa leo, ulio juu ya kilima, ulianzishwa na Wajerumani baada ya ngome kuanguka.

Tatizo ni kwamba mtoto aliyezoea kuona ngome kwenye katuni akifika Kalenga atauliza, "Ngome iko wapi?" Ukuta uliobaki ni kidogo sana. Asiyeelezwa ataona mawe tu, na mawe tu hayana mlinzi: leo moja linaokotwa kwa ajili ya jiko, kesho jingine kwa msingi wa nyumba.

Kwa hiyo msimulie kabla ya safari. Mpe habari za ushindi wa Lugalo, lakini usimfiche kuanguka kwa Kalenga, maana mtoto anayejua pande zote mbili ataelewa kwa nini ukuta haupo. Akiogopa fuvu, usimlazimishe kuliangalia. Mwambie kwamba ni la mtu aliyeheshimiwa, na watu wake walidai arudishwe nyumbani. Mkifika, mwacheni mwongozaji aeleze, mtoto aulize. Asipande juu ya mabaki wala asibebe jiwe la ukumbusho.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Kalenga hakuna atakayeujenga upya. Ufa unaoweza kuzibwa ni ule wa mtoto kukua Iringa bila kujua kwamba jina la mkoa wake ni jina la ngome.